Mkaguzi wa Mapendekezo

Mkaguzi hakunywa chai yoyote kabla ya kunusa kikombe. Alikiinua hadi puani, akafumba jicho moja, akavuta pumzi, kisha akatoa kitambaa cheupe mfukoni na kupangusa ukingo wote, hata kama aliyekiosha kikombe hicho alikuwa amesimama pale pale akimtazama. Kijiko nacho alikipangusa. Kiti pia. Ofisi yetu ya Kitale ilikuwa orofani, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilitupandia ngazi kutwa nzima. Kila alipofika alilalamika kwamba tunataka kumuua kwa sumu ya kupe. Tulicheka. Nikikumbuka kicheko chetu kile sasa, naona kinyaa.

Sisi tulikuwa watu wa kuunda programu za kompyuta: za maduka, za shule, za vyama vya maziwa, baadaye za zahanati. Yeye alikuwa mtu wa nje anayekuja kukagua ubora. Wateja wetu wengi hawakuweza kutambua programu nzuri na mbovu, na hawakulazimika kuweza. Walichotaka ni mtu mwenye mvi kidogo na sauti ya taratibu aje akae nasi, apekue kazi yetu, atuhoji, halafu atie sahihi kwamba kazi inafaa. Sahihi yake ikishawekwa, programu inatoka kwenda kutumika. Asipoiweka, haitoki. Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini kiti chake kilipanguswa hata kabla hajafika, na yeye akakipangusa tena.

Jina lake sitalitaja. Nitasema tu kwamba nyumbani kwake ni upande wa Bungoma, na kwetu mapacha wana majina yao, la wa kwanza na la wa pili, kiasi kwamba ukilisikia tu jina la Mkaguzi ulijua alizaliwa na mwenzake. Mwenyewe alijivunia jambo hilo. Alisema nyumbani kwao mapacha hawakomi, kila kizazi wanakuja.

Mimi nilikuwa mjaribu. Wenzangu wakimaliza kuandika programu, kazi yangu ni kuisumbua mpaka ikosee, kabla haijaenda kukosea mikononi mwa mtu asiye na hatia. Kazi hiyo nilifundishwa na Mkaguzi. Lazima nilikiri hilo mapema, kwa sababu mtu ambaye hakukufundisha chochote hawezi kukutia kichefuchefu kiasi hiki.

Siku zangu za kwanza nilimletea ripoti nikajigamba kwamba programu nzima inafanya kazi. Aliisukuma ile karatasi pembeni kwa ncha ya kalamu.

"Wewe usiniambie inafanya kazi," alisema. "Hata saa ya ukuta imesimama inafanya kazi ya kupamba. Niambie, hii kitu ikikosea, nani ataumia? Anza hapo, halafu urudi nyuma."

Nimefanya kazi hivyo tangu siku hiyo. Ninapofungua programu mpya, bado nasikia sauti yake kabla sijagusa kibodi, na nikishaisikia nakasirika, kisha nafanya alivyosema.

Alikuwa na jicho. Hilo sitamnyima. Aliwahi kutukatalia ripoti nzima kwa sababu kurasa nyingine zilikuwa na nambari juu na nyingine chini. Tarehe ikitangulia mwezi mahali pamoja na mwezi ukatangulia tarehe mahali pengine, aliiona akiwa bado mlangoni. Alijua kama kikao kilifanyika kweli au kimeandikwa tu, kwa kuangalia wino wa sahihi: watu wote wakitumia kalamu moja, rangi moja, aliuliza kwa upole, "Hii kikao, kila mtu alisahau kalamu yake nyumbani?" Programu zetu zilipokuwa na kosa dogo la maandishi, alilipigia mstari na kulitaja kwa majonzi, kama mtu anayetangaza kifo.

Na zamani alikuwa na moyo pia. Kabla sijaajiriwa, wanasimulia kwamba alikataa kupitisha programu ya chama kimoja cha maziwa kwa sababu ilikuwa ikipoteza maziwa ya jioni ya wakulima walioleta mara mbili kwa siku. Walimwandalia chakula, akakataa kunawa mikono. Aliondoka akiwa na njaa, akasema atarudi siku wakulima watakapopata maziwa yao. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna aliyemwita. Kampuni zote za Kitale na Bungoma zilijifanya zimesahau namba yake ya simu, zikaita wakaguzi wengine, vijana waliosaini wakiwa bado wamesimama. Alipoanza kuitwa tena, alikuwa mtu mwingine. Hakuna aliyemlazimisha. Alijifunza mwenyewe, na kwa bahati mbaya alikuwa mwanafunzi mzuri.

Inabidi nieleze jinsi vikao vyetu vya mapitio vilivyokuwa, maana msomaji wa mbali anaweza kufikiri ni watu wazito wanaotazama skrini. Kikao kilianza kwa maombi. Bosi wetu alimkaribisha mgeni, mgeni akajikaribisha upya kwa hotuba, kisha tukapita mambo madogo: nambari za kurasa, sahihi, vichwa vya habari. Hapo Mkaguzi alikuwa simba. Tulitoka jasho. Mambo makubwa, yaani kasoro zenyewe za programu, aliyaweka baada ya chakula cha mchana. Kila mara ilikuwa hivyo, na mwanzoni nilidhani ni bahati tu.

Chakula kilikuwa kuku wa kienyeji na ugali. Firigisi ni ya mgeni wa heshima, hilo halina mjadala kwetu, na Bosi alimwekea kwa mkono wake mwenyewe. Mkaguzi aliyenusa vikombe na kupangusa vijiko hakuinusa firigisi. Aliitafuna polepole, macho yamefumbwa, mafuta yakimteremka kidevuni, na sisi wote tukingoja. Baada ya hapo ni nani angeweza kusema neno baya? Tumekaa sahani moja, tumeomba pamoja, mgeni ameshiba mezani petu. Aliyetaja kasoro wakati huo alionekana mkosa adabu aliyemharibia mwenyeji karamu. Hata wateja waliohudhuria walikuwa wakipiga miayo na kufungua vifungo vya suruali. Mkaguzi alitoa kijiti, akachokoa meno, akasema, "Haya sasa, kuna nini ingine?"

Bahasha hakuchukua. Nasema hivi kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo watu huniuliza. Wengine walijaribu kumpa, akawafokea, na kelele yake ilisikika hadi kwa muuza mbolea. Alikuwa msafi wa mikono kabisa. Laiti angehongwa, ningemwelewa haraka na kumsahau haraka. Yeye alijiuza kwa firigisi, kwa kuitwa mzee, na kwa kualikwa tena mwakani.

Neno lake lilikuwa "pendekezo". Kasoro ikiandikwa kasoro, programu haitoki mpaka irekebishwe. Ikiandikwa pendekezo, programu inatoka leo, na pendekezo litatazamwa siku ijayo, siku ambayo haina tarehe. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Aliyapanga mapendekezo ukurasa wa mwisho, yamepangika vizuri, na akiyamaliza aliyatazama kwa kuridhika.

"Kasoro ni neno nzito," alituambia. "Inavunja watu roho. Tuseme pendekezo."

Ndipo ikaja programu ya chanjo. Mteja alikuwa na zahanati kadhaa huko mashambani upande wa Bungoma, na alitaka watoto wote waandikwe kwenye kompyuta, ili muuguzi aone nani ameshadungwa na nani bado. Mteja alikuwa amekwisha kuwatangazia akina mama kwamba vitabu vya kliniki wabaki navyo nyumbani, vimepitwa na wakati.

Nilianza kama nilivyofundishwa: ikikosea, nani ataumia? Nikafikia mapacha. Mtoto akizaliwa, mara nyingi jina lake halijaandikwa bado, kwa hiyo karani anaandika "Mtoto wa" na jina la mama. Sasa chukua mapacha wawili wa kike. Jina moja, mama mmoja, simu moja, siku moja ya kuzaliwa. Programu yetu ilipoona hivyo ilidhani karani amemwandika mtoto yule yule mara mbili, ikawaunganisha kimya kimya wakawa mmoja. Niliingiza watoto wawili nikabaki na mmoja. Nilirudia, nikabaki na mmoja.

Nililieleza kwenye kikao, baada ya kuku, skrini ukutani ikionyesha yule mtoto mmoja aliyebaki.

"Hiyo ni kitu kidogo, bana," Bosi alisema. "Kwani mapacha ni wangapi huko?"

Mkaguzi alikuwa na kijiti chake mdomoni. Nilimgeukia yeye, nikitumaini.

"Mzee, wewe mwenyewe ni pacha," nilisema.

Bosi alinitazama kama niliyemvua mzee nguo mbele za watu. Mkaguzi alitabasamu.

"Msichana yangu, mimi nilizaliwa nyumbani. Hakuna kompyuta ilikuwa huko," alisema, na wote wakaangua kicheko cha watu walioshiba. "Tuseme ni pendekezo."

"Ni kasoro, mzee. Mmoja akidungwa, mwenzake atahesabiwa naye amedungwa. Hatapata chanjo."

"Nimesikia. Na nimeandika, si unaona naandika?" Alinigeuzia daftari nione. Mwandiko ulikuwa mzuri. "Halafu kumbuka, mimi sikagui programu. Nakagua kama mmefuata utaratibu. Kujaribu, umejaribu. Kusema, umesema. Utaratibu imefuatwa."

Akatia sahihi. Alama ya kidole chake ikabaki pembeni ya karatasi, ya mafuta ya kuku, ikipenyeza hadi upande wa pili. Neno la shukrani lilitolewa na Bosi, maombi ya kufunga yakafuata. Kesho yake nilimrudia Bosi, na kesho kutwa pia. Jibu lilikuwa lile lile: mzee amekwisha kupitisha, mimi ni nani?

Programu ilipokwisha kutumika kwa muda mrefu, nilikutana na mama mmoja wa mapacha wodini, hospitali ya Bungoma. Bosi alinituma kwa sababu mteja alikuwa ameleta malalamiko. Mama huyo ni mkulima kutoka Naitiri, na wasichana wake ni Mukhwana na Mulongo, kama desturi ilivyo. Mukhwana alikuwa akicheza na kifuniko cha chupa chini ya kitanda. Mulongo alikuwa kitandani, ametoka kwenye surua, amekonda, na jicho lake la kushoto lilikuwa na utando mweupe.

"Nilipeleka huyu mkubwa kwanza, huyu mwingine alikuwa na joto," mama alinieleza. "Wiki ingine nikaleta huyu. Sista anaangalia kwa kompyuta, ati ameshadungwa. Nikamwambia, si huyu, ni mwenzake. Ati mama usinisumbue, hapa iko mtoto moja tu."

"Ukafanya nini?"

"Si nikarudi nyumbani. Ningefanya nini? Nilifikiria kompyuta inajua kuliko mimi." Alimpangusa mtoto pua kwa ncha ya leso. "Daktari anasema hii jicho haitaona tena. Wewe unatoka kwa hawa watu wa kompyuta?"

Nilisema ndiyo. Hakunitukana. Alinisogezea kiti.

Nilimpigia Mkaguzi simu nikiwa bado nje ya wodi. Nilimweleza yote. Nilisikia akivuta pumzi, halafu nikasikia karatasi.

"Iliandikwa," alisema. "Fungua lipoti, ukurasa ya mwisho, mapendekezo. Hapo tuko salama, wewe na mimi."

"Jicho la mtoto limekufa, mzee."

"Pole sana kwa mtoto. Pole sana. Lakini usikubali mtu akuambie ati haikuandikwa."

Wewe na mimi! Nilikata simu. Nilisimama pale karibu na bomba nikanawa mikono, halafu nikanawa tena, na bado nilijihisi mchafu. Jioni hiyo hiyo nilirudi Kitale, na asubuhi nilikaa na mwandishi wa programu, bila kikao, bila maombi, bila kuku. Tukaondoa ile tabia ya kuunganisha watoto. Ilituchukua chini ya asubuhi moja. Tukaipeleka kwenye zahanati zote, na nikazungukia kila moja kuhakikisha. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikingoja chini ya neno pendekezo.

Mkaguzi hakupiga simu tena. Hakuuliza mtoto anaendeleaje, hakuuliza kama tumerekebisha. Haukupita muda mrefu akastaafu, akafanyiwa sherehe, wakamsifu kwa kutopokea bahasha maishani mwake. Sikuhudhuria.

Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mtu mbaya tu. Lakini baba yangu alipofariki, kabla ya mambo haya ya chanjo, Mkaguzi alikuja kwetu matangani kwenye mvua, nyuma ya bodaboda, viatu vyake vinavyong'aa vikizama kwenye matope bila yeye kuvitazama. Alikaa kwenye gogo na wazee. Aliletewa uji kwenye kikombe cha plastiki kilichopasuka, na nilimwona akiunywa bila kukinusa kikombe. Alimshika mama yangu mkono kwa muda mrefu. Alijua kabisa kuumia kwa mtu kunavyofanana. Ndiyo maana siwezi kusema hakuelewa. Alielewa, akachokoa meno.

Nilimwona tena mwaka huu, Kiminini. Nilikuwa kwenye kliniki nikiwaonyesha wauguzi toleo jipya la programu ile ile, ambayo sasa imefika huku pia. Nilikuwa nimeketi nyuma ya muuguzi, akina mama wamejaa kwenye mabenchi, nikaona kitambaa cheupe kikipangusa benchi. Alikuwa amezeeka, mabega yamelegea, lakini viatu vilikuwa vile vile. Alikuwa na binti yake, na binti alikuwa amebeba mtoto mmoja kifuani na Mkaguzi mwenyewe amebeba wa pili. Wasichana wawili, wanafanana mpaka vidole.

Zamu yao ilipofika, muuguzi alianza kuandika kwenye kompyuta. Mkaguzi aliweka kiganja mbele ya skrini.

"Sista, tafadhali usitumie hiyo," alisema. Akatoa mfukoni vitabu viwili vya kliniki, vya karatasi, vimefungwa kwa nailoni. "Andika kwa hii. Kila mtoto na yake."

"Mzee, hizo tuliacha siku nyingi. Kila kitu iko kwa kompyuta."

"Najua. Lakini hawa ni mapacha."

"Na kwani kompyuta haijui mapacha?"

"Hiyo yenu? Haijui," Mkaguzi alisema. "Mimi naijua hiyo."

Nilisimama, akaniona, na uso wake ukafurahi, ukafurahi kweli.

"Msichana yangu! Si umwambie huyu sista, wewe unajua."

"Tulirekebisha, mzee," nilisema. "Kesho yake, baada ya kukupigia simu kutoka wodini. Haiunganishi watoto tena."

Alinitazama. Yule mtoto alikuwa ameshika kola ya shati lake.

"Ai," alisema. "Si ungeniambia?"

Miaka yote hii aliamini kosa bado limo. Aliamini limo kwenye kila zahanati, na akina mama wakipita mbele yake na watoto mgongoni alikuwa akinyamaza, akanunua nailoni ya kufunga vitabu vya wajukuu wake. Nilitazama mabenchi nyuma yake. Palikuwa na mama mwingine mwenye mapacha, amekaa karibu kabisa na pale alipokuwa ameketi Mkaguzi, na hakuwa na kitabu chochote. Yeye na Mkaguzi walikuwa wamekaa benchi moja tangu asubuhi.

"Andika tu kwa kitabu," Mkaguzi alimwambia muuguzi.

Muuguzi aliguna, akafungua vitabu, akaandika. Mkaguzi alisimama nyuma ya bega lake na kufuata kila neno kwa kidole. Alisoma jina la chanjo kwa sauti. Aliomba aone chupa, akalinganisha. Alipoona tarehe ya mtoto wa pili imeandikwa vibaya, alimrudishia muuguzi kitabu na kumwomba, kwa upole, aikate na aandike upya, na atie sahihi pembeni. Hakusema pendekezo. Watoto walipokwisha kudungwa, alimgeuza kila mmoja, akatazama paja lake, akaona mahali sindano ilipoingia, kwa wa kwanza na kwa wa pili, kabla ya kukubali kuondoka.

Sijawahi kuona ukaguzi mzuri kama ule. Nilitoka nje nikatema mate, kisha nikarudi ndani kumwita yule mama mwingine na mapacha wake.